Sharubati ya Zabibu Siku ya Posa

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliishi na mama mkwe, Temeke, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Sie tulikuwa na vyumba viwili upande wa kushoto, kimoja cha mama mkwe na binti yake, kimoja changu na mume wangu. Vilivyobaki vilikuwa vya wapangaji. Mume wangu alikuwa kuli bandarini na aliondoka alfajiri, kwa hiyo mchana kutwa tulibaki wanawake watatu: mama mkwe, wifi yangu na mie.

Mama mkwe alitoka kusini, upande wa Lindi. Alikuja Dar es Salaam na mumewe kabla ya Uhuru, mumewe akafariki, akalea watoto wawili kwa kuuza vitumbua. Mie nilitoka Dodoma. Baba yangu alikuwa mkata mizabibu kwenye shamba la wamisionari. Watu walipohamishiwa vijijini, shamba likawa la kijiji, naye akaendelea kuipogoa ile mizabibu kwa mkasi uleule. Mume wangu tulijuana alipokuja huko kumtembelea rafiki yake wa reli. Nilisilimu ili anioe, na nilifanya hivyo kwa moyo wangu, lakini mama mkwe hakuwa na hakika na moyo wangu.

Mbele za watu aliniita mwali wangu. Tukiwa peke yetu aliuliza maswali.

"Huko kwenu hizo zabibu mnazifanyia nini?"

"Tunakula, Mama. Nyingine zinauzwa."

"Na zile za wazungu?"

Alijua jibu. Kila mtu alijua kwamba wamisionari walikamua divai, na kwamba baba yangu ndiye aliyekuwa akibeba matenga mpaka mlangoni pa ghala lao. Nilisema, "Za wazungu zilikuwa za wazungu," naye akaendelea kuchambua mchele, uso haukubadilika. Mazungumzo yetu mengi yaliishia hapo. Nilizoea kutembea ndani ya ile nyumba kama mtu anayepita karibu na sufuria iliyojaa mafuta ya moto.

Mwezi wa pili ulipokuwa ukiisha, akaja mshenga. Kulikuwa na familia Kinondoni iliyomtaka wifi yangu kwa kijana wao. Baba wa kijana alikuwa karani, nao walikuwa watu wa swala, watu wa kuheshimika. Walitaka kuleta barua ya posa Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya alasiri. Wanaume wangekaa barazani na baba mdogo wa mume wangu, na wanawake watatu wangeingia ndani kwetu, mmoja wao shangazi yake kijana, ambaye mshenga alisema bila kuficha kwamba ndiye mwenye neno katika ukoo ule.

Mama mkwe hakulala vizuri tangu siku ile. Wifi yangu alikuwa na miaka kumi na tisa na ilikuwa posa ya kwanza kuja kwa heshima namna hiyo. Lakini ilikuwa miaka ya foleni. Sukari tuliyogawiwa kwa karatasi ya balozi wa nyumba kumi ilikuwa imebaki chini ya kopo, ya kutosha birika mbili za chai. Mchele tulikuwa nao, na kuku wawili. Zabibu kavu za kutia kwenye pilau hazikuonekana dukani tangu mwaka mpya. Wifi alizunguka Kariakoo asubuhi nzima akarudi mikono mitupu.

"Wanasema labda Zanzibar," alisema.

"Pilau ya posa bila zabibu ni ubwabwa wa matanga," alijibu mama mkwe. "Na cha kunywa tutawapa nini? Maji ya bomba?"

Nilikuwa nafua. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayenilaumu. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kunyamaza, na hilo lilikuwa jambo pekee katika dunia ya ile nyumba ambalo mie nililijua na wao hawakulijua.

"Mama," nilisema, "mwezi huu ndio zabibu zinavunwa kwetu. Zinakuja na treni, zinauzwa Kariakoo. Naweza kuzikausha kidogo kwa ajili ya pilau. Na maji yake nikiyachemsha yanakuwa mazito, matamu, hayataki sukari."

Aliinua uso. "Zabibu mbichi?"

"Si mbichi, Mama, zimeiva. Ila hazijakaushwa."

"Kisichokaushwa ni kibichi." Akafikiri kitambo. "Tutakwenda pamoja. Nione mwenyewe unachonunua."

Tulikwenda Alhamisi. Muuza zabibu alikuwa amekaa nyuma ya makasha manne ya mbao, na nilipomsikia akiongea na mwenzake nilijua ni wa kwetu. Nikamsalimu, "Mbukwa," akafurahi, akaitikia, na tukaanza kusemezana Kigogo. Nilimwuliza zimetoka shamba gani na zimekaa siku ngapi njiani. Nilihisi mama mkwe amesogea, bega lake likagusa langu.

"Mnasema nini?"

"Namwuliza zimevunwa lini, Mama."

"Si umwulize kwa Kiswahili?"

Nikaendelea kwa Kiswahili. Yule bwana naye, kwa kutaka kupendeza, akapaza sauti: "Unataka za kula au za kutengenezea pombe, dada? Maana za pombe ninazo za bei rahisi, zimepondeka kidogo."

Soko zima lilisubiri jibu langu, au ndivyo nilivyoona. Mama mkwe alijifunga mtandio upya, taratibu, kama mtu anayetaka kuondoka.

"Za kula," nilisema. "Za nyumbani. Nina wageni."

Yule bwana alinipa kichala kilichokuwa juu kabisa ya kasha. Kilikuwa kizuri, cheusi, na kila mteja angekichukua. Lakini nilijua cha juu kimewekwa kwa ajili ya macho. Nilikiweka pembeni, nikaingiza mkono chini.

"Dada, hapa hatuchagui hivyo. Utanipondea."

"Sipondi."

Nilichofundishwa na baba ni kuanza na kikonyo. Kikiwa kijani na kinapinda, kichala kimekatwa juzi. Kikiwa cha kahawia na kinavunjika, kimeshachoka. Halafu nikainua kichala kwa kikonyo chake, nikakitikisa kidogo. Punje zikianguka, acha. Nikatazama kama zina lile vumbi jeupe juu ya ganda, maana zabibu iliyoshikwashikwa na watu wengi inang'aa, na vumbi limekwisha. Mwisho nikachuma punje ya chini kabisa, ile ya ncha, inayoiva baada ya wenzake wote, nikaipasua kwa kucha nikatazama mbegu. Ilikuwa ya kahawia. Nikampa mama mkwe nusu ya ile punje.

"Onja ya chini, Mama. Hiyo ikiwa tamu, zote ni tamu."

Aliitazama kwanza. Kisha akaitia mdomoni, akatafuna, akatema mbegu kwenye kiganja. Hakusema kama ni tamu. Alisema, "Lile kasha jingine je?"

Tulimaliza makasha matatu. Yule bwana alikuwa ameshaacha kutabasamu. Katika kasha la pili, chini ya vichala vizuri, nilikuta nyingine zimelowa na zina harufu ya kuchachuka, nikairudisha mikono haraka, lakini mama mkwe alikuwa ameshainama, ameshanusa.

"Harufu gani hiyo?"

"Zimeoza, Mama."

"Hiyo si harufu ya kuoza," alisema, na njia nzima ya kurudi Temeke hakuongea, tenga la zabibu tulizonunua likiwa katikati yetu.

Ijumaa asubuhi nilizigawa. Zile kubwa nilizipasua kati, nikatoa mbegu kwa ncha ya pini, nikazitandaza kwenye ungo na kuziweka juu ya bati chini ya kipande cha chandarua. Jua la mwezi wa tatu lilikuwa linachoma, na siku mbili zingetosha kuzinyausha. Zilizobaki, nyingi zaidi, nilizipondaponda ndani ya beseni kwa mkono na kuzichuja kwa kitambaa cha marekani. Wifi alinishikia kitambaa. Maji yalikuwa ya zambarau iliyokolea, yakajaa sufuria kubwa na beseni dogo.

Nilikwenda kuwasha mkaa, ukanisumbua, nikatumia muda mrefu kupepea. Niliporudi nilikuta beseni dogo tupu, limesuuzwa.

"Ya humu iko wapi?"

"Nimeimimina kwenye sufuria," alisema wifi bila kunitazama.

Sufuria haikuwa imejaa kuliko nilivyoiacha. Niliona hivyo. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua tano kutoka hapo, anatutazama, na sikutaka kuonekana ninahesabu mali ya nyumba yake. Nikaitia sufuria motoni.

Nilichemsha mpaka saa nane. Kwanza povu la waridi lilipanda nikaliengua kwa mwiko, kisha likaanza kutulia, kisha yale maji yakawa yanachemka kwa uzito, matone makubwa yanapasuka polepole. Mama mkwe alikuja mara mbili kutazama.

"Yote haya yamekuwa haya?" aliuliza mara ya pili. Sufuria iliyojaa ilikuwa imebaki robo.

"Ndiyo maana haitaki sukari, Mama. Maji yamekwenda, utamu umebaki."

"Umeuchoma utamu."

"Kisichopita motoni hakikai," nilimwambia. "Kitageuka."

Nadhani hakunisikia, au alisikia akaona ninamfundisha. Nilipata chupa moja na nusu ya rojo jeusi kama asali ya nyuki wadogo. Nikaziba chupa zote mbili, nikaziweka chini ya kitanda changu.

Jumapili asubuhi nyumba ilikuwa kama imeshikwa homa. Mume wangu alikuwa ameomba ruhusa kazini lakini hakupewa, angerudi jioni. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwa mara ya pili. Wifi alikuwa amekaa mlangoni, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Nilishusha ungo kutoka juu ya bati. Zabibu zilikuwa zimenywea vizuri, zimekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua. Nilifurahi. Nikaenda ukumbini kuchota maji ya kupikia.

Kwenye kona ya ukumbi kulikuwa na mitungi miwili. Mkubwa wa maji ya kunywa, na mdogo ambao mama mkwe aliuleta kutoka kwao, hautumiki isipokuwa siku kubwa. Ule mdogo ulikuwa umefunikwa kawa, na juu ya kawa kitambaa cheupe. Nilipoinama kuchota kwenye ule mkubwa, nilisikia sauti. Ilikuwa sauti ndogo sana, kama wali unaokauka kwenye moto wa mbali. Niliweka sikio. Ilitoka kwenye mtungi mdogo.

Nikafunua kawa. Povu la waridi lilikuwa limejaa mpaka shingoni, linapumua, na harufu iliyonipiga ilikuwa harufu ya mlango wa ghala la wamisionari, ile ambayo baba alirudi nayo kwenye shati.

Nikafunika haraka. Nilielewa mara moja maji ya beseni dogo yalikwenda wapi. Nilielewa pia kwamba hakuna mtu Temeke nzima atakayeamini kwamba si mie. Ndani ya nyumba ya Waislamu, siku ya posa, kuna mtungi wa divai, na ndani ya nyumba hiyo kuna mwanamke mmoja tu aliyekulia kwenye shamba la mizabibu.

Nilifikiria kuumwaga kimyakimya. Lakini ulikuwa mtungi wa mama mkwe, wa kwao, amekusudia kuwanywesha wageni kwa mkono wake. Angeukuta mtupu mbele ya wageni. Nilifikiria kunyamaza na kumwacha achote mwenyewe, na aibu hiyo mpaka leo ninayo, kwamba kwa muda wa pumzi mbili au tatu niliipenda ile fikra.

"Mama," niliita. "Njoo mara moja."

"Nina mchele."

"Njoo, tafadhali."

Alikuja na ungo mkononi. Nikafunua. Alitazama ndani, akainama, akanusa, akanyooka.

"Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu, Mama. Sikujua kama humu mna kitu."

"Umetia hamira."

"Hamira ninaitoa wapi? Haijaonekana dukani tangu mwaka jana."

"Basi imekuwaje hivi?"

"Imegeuka yenyewe. Maji ya zabibu yasipochemshwa, kwa joto hili, siku mbili yanageuka. Hayataki kutiwa kitu."

"Yenyewe," alirudia, kwa sauti ya mtu anayeambiwa mbuzi amepaa. Akamgeukia binti yake. Wifi alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi na chanuo kichwani. Macho yake yalikuwa chini.

Nilimwuliza yeye, kwa kuwa sikuweza kumwuliza mama mkwe. "Wifi, nani alimimina humu?"

Alichomoa chanuo. "Mama aliniambia nitoe kidogo kabla hujapika," alisema. "Alisema ukichemsha utaua utamu. Na kwenye mtungi ingepoa vizuri."

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Kwa nini hukuniambia kama inageuka?"

"Nilisema Ijumaa, Mama. Na hukuniambia kama umeitenga."

Nilisema kwa sauti ya chini, lakini nilisema, na baada ya kusema nilisubiri. Sikuwahi kumjibu hivyo. Mama mkwe alinitazama kwa muda ambao niliweza kusikia lile povu likiendelea na kazi yake. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaushika mtungi kwa masikio.

"Shika huku," aliniambia.

Tukautoa uani na kuumwaga nyuma ya choo, mie na yeye. Hapo ndipo tulipogundua kosa la pili. Ikiwa ndani ya mtungi harufu ilikuwa imefungwa. Ilipomwagika kwenye mchanga wa moto ilipanda ua mzima. Wifi alileta majivu, tukamwaga majivu. Tukachota mchanga wa kando, tukafukia. Harufu ikabaki. Mpangaji wa chumba cha mwisho, mwalimu kutoka bara, alipita na kopo lake la kuogea, akasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Alitazama mchanga, akatutazama sisi tulivyoloa jasho, akavuta pumzi kwa pua na kuingia bafuni. Tulimsikia akikohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Ubani," alisema mama mkwe. "Washa ubani, uzunguke nyumba nzima."

Saa zilizobaki zilikwenda mbio. Nilipika pilau. Zile zabibu zilizonyauka nilizikaanga kwa samli mpaka zikavimba tena, nikazichanganya wakati wali unapaliwa makaa. Kuhusu kinywaji tuliamua kwa maneno machache: wanaume wa barazani watapewa chai kwa ile sukari iliyobaki, wanawake watapewa sharubati. Nilichukua chupa zangu chini ya kitanda, nikazimua rojo kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Halikutosha kujaza jagi, nikazidisha maji, na nilipoonja niliona limekuwa jepesi, halina nguvu mdomoni. Nikakamulia ndimu. Bado. Basi nikatwanga kipande cha tangawizi na kukichuja ndani. Sasa ilikuwa na ladha. Sikufikiri zaidi ya hapo, na ningefikiri nisingetia.

Wageni walifika kwa wakati, jambo ambalo lilituharibia zaidi, maana nyuma ya ubani bado kulikuwa na kitu kichachu hewani. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye miwani. Aliketi mkekani akasalimiana na mama mkwe kwa maneno marefu ya heshima, huku macho yake yanapita kwenye kuta, dirisha, mapazia. Alimtazama wifi mara moja tu, akaridhika au hakuridhika, hakuna aliyejua. Mie nilikuwa mlangoni na sinia. Mkaza mwana haongei na wageni wa posa mpaka aulizwe.

Niliwapa glasi. Shangazi alipiga funda moja, akasita katikati ya funda la pili. Akaishusha glasi mpaka kwenye goti.

"Hii ni nini?"

"Sharubati ya zabibu," alisema mama mkwe.

"Zabibu kavu?"

"Zabibu za kuiva. Za msimu."

"Mbona inawasha kooni?"

Wale wanawake wengine wawili waliacha kunywa. Mmoja alikuwa na kinywaji mdomoni na sikumwona akimeza. Kutoka barazani tulisikia wanaume wanacheka, na baba mdogo anasema jambo kuhusu meli. Shangazi aliinua glasi puani, akanusa kwa makini kama mtu anayesoma barua.

"Hizi ni zile za Dodoma," alisema. "Wanakotengeneza divai."

Nilisubiri mama mkwe anigeukie. Ingekuwa rahisi kwake. Kwa neno moja angeweza kuniweka mie katikati ya chumba, na nyumba yake ingebaki safi. Nililiegemeza sinia kifuani ili lisilie.

"Ni tangawizi hiyo," alisema mama mkwe. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Nimeichemsha mwenyewe Ijumaa, toka asubuhi mpaka saa nane, mpaka ikabaki robo kama asali, ndiyo nikaizimua leo. Humu ndani kisichopita motoni hatunywi. Maji ya zabibu usipoyachemsha yanageuka siku mbili tu, kwa joto hili."

"Yanageuka yenyewe?"

"Yenyewe. Wengi hawajui hilo."

Shangazi alimtazama. "Na zabibu nani alichagua?"

"Mie. Unaanza na kikonyo."

Akamweleza. Kikonyo, vumbi, punje ya ncha, rangi ya mbegu. Hakukosea hata kimoja. Nilikuwa nimedhani siku ile sokoni alikuwa ananichunga tu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanywa, kwanza kidogo, halafu glasi nzima, na wenzake wakanywa. Nikaleta pilau. Walikula vizuri. Barua ya posa ilipokelewa kabla ya magharibi.

Nilioshea vyombo uani peke yangu na sikujua nifanye nini na moyo wangu. Nilikuwa nimeokolewa. Nilikuwa pia nimenyang'anywa kitu pekee nilichokuja nacho katika ile nyumba, mbele ya macho yangu, kwa maneno yangu mwenyewe. Mume wangu aliporudi na kuuliza mambo yamekwendaje, nilimwambia yamekwenda vizuri. Wifi alikuja kunisaidia kusuuza glasi, akasema tu, "Nisamehe, wifi," nami nikamwambia yameisha, ingawa hayakuwa yameisha.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne, tukiwa tunakuna nazi, nilimwuliza.

"Mama, kwa nini ulisema umechemsha wewe?"

Hakujifanya hajui ninachosema. Aliendelea kukuna.

"Ningesema nani?"

"Ungesema mie."

"Ningesema wewe, wangeuliza kwenu wapi. Ningewaambia, na wasingenywa. Na wasingenywa, wasingemchukua mwanangu." Akageuza kifuu. "Wewe ungesimama pale mlangoni na sinia lako, ungewajibu nini?"

Nilisema, "Lakini ilikuwa kazi yangu."

"Najua kazi ilikuwa ya nani," alisema. "Sikuwa nimelala usingizi Ijumaa."

Hakuomba radhi juu ya mtungi, wala juu ya hamira. Kwa muda mrefu nililichukulia hilo vibaya. Tuliendelea kuishi, tukigombana kwa adabu, na maswali yake yakapungua bila kwisha.

Ndoa ilifungwa baada ya mfungo. Siku mbili kabla, shangazi alikuja Temeke mwenyewe, bila taarifa, na tenga dogo la zabibu mkononi. Zilikuwa za mavuno ya mwezi wa tisa. Alisema anataka kujifunza kuchemsha ile sharubati, waalikwa ni wengi na sukari hakuna. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Nilijua hajawahi hata siku moja kusimama kwenye sufuria ile, na yeye alijua kwamba ninajua. Alitazama tenga, akatazama mikono yake.

"Mwali wangu atakuonyesha," alisema. "Mie macho yananisumbua na moshi."

Shangazi akanigeukia, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya mtandio. "Wewe kwenu wapi, mwanangu?"

Nilimtazama mama mkwe. Hakunipa ishara yoyote. Alikuwa ameshachukua kichala kimoja, anakitikisa kuona kama punje zinaanguka.

"Dodoma, Mama," nilisema. "Baba yangu ni mkata mizabibu."

Shangazi akavaa miwani yake tena, akanitazama kwa muda, na sikuweza kujua anafikiri nini, na sijajua mpaka leo. Kisha akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko.

"Basi nionyeshe polepole," alisema. "Anza mwanzo."